Kidole cha Bi Zuhura na Mapichi Yaliyopukutika

Leoka,

Umekwenda Lyamkena kusukwa nywele, na mkono wa yule rafiki yako naujua ulivyo mzito, hutarudi kabla jua halijashuka nyuma ya stesheni. Basi nimepata nafasi. Nimekaa kwenye kizingiti cha jiko na daftari lako la zamani la Jiografia, kurasa za nyuma ambazo hukuzimaliza. Kalamu nayo nimeichukua kwenye begi lako, usiitafute.

Mwandiko usiucheke. Darasa la sita hakukuwa na mtu wa kunishinda kwa barua. Wavulana wakubwa walikuwa wananipa viazi vya kuchoma niwaandikie kwa wasichana wao, na mambo yalikuwa yanakwenda vizuri kabisa mpaka barua moja ikaenda kwa msichana ambaye kumbe ni mdogo wake mwalimu. Elimu yangu iliishia hapo. Kwa hiyo ukiwa mwalimu huko mbele, ukikamata barua nzuri mno, mwulize mwenyewe kwanza kabla ya kuchukua fimbo. Huenda ni mtu kama baba yako, na nchi hii inawahitaji.

Kesho treni mpaka Tunduma, halafu gari ya Sumbawanga, halafu chuo. Sitakuandikia habari ya sweta, utalivaa ukisikia baridi. Sitakuandikia habari ya wavulana pia, maana nimewahi kuwa mvulana na sikumbuki barua ya baba wa mtu iliyowahi kunizuia. Nakuandikia kwa sababu ya lile uliloniomba Jumapili.

Tulikuwa tunatoka kanisani. Nilikuuliza unataka nikununulie nini cha safari, nikataja saa ya mkononi, nikataja viatu, nikataja redio hata, maana siku hizi madukani kila kitu kipo na mimi napenda kutaja. Ukasema, "Sitaki kitu, Baba. Kabla sijaondoka nenda kwa Bi Zuhura ukamwambie kuwa ni wewe."

Nikasema, "Kuwa ni mimi nini?"

Ukasema, "Baba." Hivyo tu. Ukaingia ndani ukafunga mlango polepole, kama mtu anayefunga chumba cha mgonjwa.

Mimi nikacheka. Nimecheka tangu Jumapili, na leo ni Alhamisi, meno yamechoka.

Ngoja nikueleze jinsi ilivyokuwa, kwa sababu wewe unajua mwisho wake tu, na mwanzo unaujua kwa midomo ya watu. Ule mpichi wetu wa hapa uani niliutoa Njombe, kwenye misheni karibu na kwa bibi yako, mwaka uliozaliwa. Nilikuwa na miaka kumi na nane, baba mzima, ndevu tatu. Mche ulikuwa ndani ya kopo la maziwa, na mimi nikaupakata juu ya lori la mbao safari nzima, upepo unanipiga, nikiwa nimeufunika na shati langu. Dereva akaniuliza, "Huo mti una kifua?" Nikamwambia ndiyo, una kifua, na mwenye mti ni mwanamke. Nilikuwa nakusema wewe, una wiki mbili duniani.

Mama yako alipotutoka hata kutembea ulikuwa hujui. Nakumbuka kile kipindi kama mtu anavyokumbuka ukungu: vitu vilikuwepo, lakini kingo zake sikuziona. Niliamka, nikapakia magunia, nikarudi, nikakuta umeshaoga, umeshakula, umelala mgongoni kwa Bi Zuhura ambaye anakaanga vitumbua vyake kwa mkono mmoja na kukutikisa kwa mwingine. Hakuna aliyemwomba. Alikuja kutoka Kondoa na mume wake mwenye lori, mume akafa, yeye akabaki hapa na kikaango, mbele ya nyumba yake, kwenye njia ya kwenda stesheni. Siku moja aliniambia tu, "Wewe kijana, huyu mtoto nitakuwa naye mchana. Usiku ni wako, na ujifunze kumfunga nepi, maana unamfunga kama gunia." Miaka minane alikuwa na wewe mchana. Ukisema bismillahi kabla ya kula hadi leo, na sisi ni Wakatoliki, umeitoa huko.

Sasa mpichi. Ulipofika miaka sita hivi, mti ukaanza kuchanua. Ewe mwanangu! Mwezi wa nane, baridi bado inang'ata, hauna jani hata moja, halafu asubuhi unatoka nje unakuta umekuwa wa waridi wote, kama mtu ameutundikia nguo za sherehe na kusahau kuja kuzichukua. Mimi nilikuwa nasimama hapa nilipo sasa na chai yangu, na dunia inatulia. Nyuki waliokuwa wanaishi ndani ya ukuta wa jiko walikuwa wanavuma humo mpaka unasinzia umesimama. Mwaka wa kwanza ukazaa mapichi ishirini na kitu. Mwaka wa pili kikapu. Nikatangaza mpaka stendi kwamba Makambako nzima hakuna mkulima kama mimi, na mimi ni kuli.

Wakati huo ndipo biashara ilipoachiwa. Zamani mbolea ya chumvichumvi ilikuwa ya ushirika, unaisubiri kama unavyosubiri mvua; mara ghafla ikawa ya kila mwenye lori. Wahindi, Wakinga, Waarabu, wote wanashusha magunia Makambako, na nani anayeshusha? Baba yako. Na magunia hupasuka. Kila lori likimaliza, sakafuni inabaki ile nyeupe imemwagika, na sheria yetu makuli ilikuwa moja: anayefagia, ndoo ni yake. Mimi nilikuwa nafagia kuliko wote. Watu wakauza, mimi nikaleta nyumbani. Niliona mahindi yanavyoinuka ukiyawekea, nikasema kama hindi linafanya vile kwa kiganja kimoja, mti wangu nikiupa ndoo utafanya nini?

Nikaupa ndoo. Kila Jumamosi, ndoo. Nikachimba kuuzunguka na jembe ili mbolea iingie, na kwa kuwa udongo umeshachimbika nikapanda na viazi hapohapo, jembe linakata mizizi krr krr, mimi naimba. Na nyuki nao, mmoja alikuwa amekuuma sikio, nikawachoma na moto wa matambara, nikaziba ukuta kwa udongo. Nikaoga, nikavaa shati safi, nikasubiri mapichi.

Mti ukawa mkubwa. Majani meusi kwa ubichi, mapana, unaweza kufungia samaki. Na mapichi yakatoka machache, madogo, ya kijani, yana manyoya kama masikio ya paka. Bi Zuhura akaja kwenye uzio akiwa na wewe, akafurahi, akanyoosha kidole, akasema, "Leoka, hesabu, lile, na lile, na lile pale juu. Hilo la juu ndilo lako."

Nilimsikia nikiwa ndani. Bibi yako kule Njombe alitulea tukijua kwamba tunda changa halisontwi kidole. Boga, tango, chochote. Ukitaka kumwonyesha mtu unakunja ngumi, au unaonyesha kwa kidevu. Ukisonta, litaanguka. Bi Zuhura wa Kondoa angejuaje? Lakini mimi nilijua.

Baada ya wiki yakaanza kuanguka. Sijui kama unakumbuka ile sauti. Ilikuwa inakuja wakati wa mchana kimya, upepo umelala, kitu kidogo kinagonga jani kavu. Tap. Kisha muda mrefu. Tap. Nilikuwa nakaa hapa nasikiliza kama mtu anayesikiliza saa ya nyumba ya wengine. Nilianza kuyaona hata nikiwa kazini, nimebeba gunia, naona ya kijani yanadondoka mbele ya macho yangu, taratibu, kama yanashuka ndani ya maji. Siku nne, mti mtupu.

Siku ya tano asubuhi nikaenda kwenye kikaango chake. Watu wamejaa wanasubiri treni, makuli wenzangu, mautingo, wanawake wa viazi. Mimi napenda watu wakijaa, unanijua. Nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka stesheni, "Jamani, huyu mama mchungeni kidole chake. Amesonta mpichi wa mwanangu, haukubaki na tunda hata moja. Kesho atasonta nini?"

Watu wakacheka. Mmoja akaficha kitumbua chake nyuma ya mgongo, akasema, "Asikisonte na hiki!" Wakacheka zaidi, na mimi nikapiga saluti kama mchezaji aliyefunga bao. Bi Zuhura alizima jiko. Vitumbua vikiwa nusu mbichi, akazima jiko, akaingia ndani.

Nami nikakukataza kwenda kwake. Ulikuwa na miaka minane. Ulisimama kwenye uzio siku tatu.

Utani ni kitu cha ajabu, Leoka. Niliutoa mimi asubuhi moja, nikausahau kufikia mchana, na wenyewe ukaendelea kutembea bila mimi. Wanawake wakaanza kuwafunika watoto wachanga akipita. Mwenye bustani ya maboga pale njiani akajenga uzio. Mgeni akimwuliza njia ya stesheni, yeye alikuwa anaonyesha kwa kidevu, mkono ameuficha ndani ya khanga. Miaka yote hii hujamwona akinyoosha mkono mbele za watu. Nami nilikuwa nauona ule mkono uliofichwa, na nilikuwa nageuka kuangalia malori.

Mwaka uliofuata mapichi yakaanguka tena. Nikasema ni jicho, amemaliza kidole sasa anatumia jicho. Mwaka wa tatu alikwenda Kondoa kumzika kaka yake, akakaa kipindi chote cha mapichi, nyumba imefungwa, kikaango kimepinduliwa. Yakaanguka. Tap. Nikakaa kizingitini nikasikiliza, na hakukuwa na mtu wa kumsema.

Ukweli nilikuja kuujua Matamba. Nilikuwa utingo wakati ule. Tulikwenda kuchukua viazi, lori likazama kwenye matope, tukakaa siku tatu tunangoja kuvutwa. Kule juu, karibu na Kitulo, asubuhi ukungu unaingia mpaka ndani ya kikombe. Nilikuwa naranda ndani ya ule weupe, sijui kama niko macho, nikasikia ile sauti. Tap, tap, tap, kwa haraka kuliko ya kwangu. Nikaifuata. Nikamkuta mama mmoja, rika langu, amesimama kwenye mipichi yake, anachuma mapichi machanga kwa vidole vyake mwenyewe na kuyatupa chini. Mazima! Mabichi!

Nikapiga kelele, "Mama, unafanya nini?"

Akageuka. "Na wewe umetokea wapi, wewe mzimu wa mbolea?" Maana nguo zangu zilikuwa nyeupe kwa vumbi la mbolea. Akasema, "Napunguza. Yakibaki matatu pamoja, mti utayaangusha wenyewe, na hautachagua vizuri kama mimi. Kuangusha kidogo ni kawaida yake. Ukiangusha yote ndipo ujue kuna mtu ameuharibu."

Nikamwambia wa kwangu unaangusha yote. Akaniuliza maswali kama daktari. Unaupa nini? Nikamwambia kwa majivuno, ndoo ya chumvichumvi kila Jumamosi. Aliacha kuchuma. Akakaa chini kwenye majani yenye umande, akacheka mpaka akashika mbavu. "Kaka yangu, huo mti umeufanya ng'ombe wa kunenepesha! Unakula, unaota majani, utakumbuka kuzaa saa ngapi?" Mizizi je? Nikasema nimepanda viazi. "Umeikata." Nyuki? Nikainama kufunga kamba ya kiatu. "Nyuki umewafanyaje?" Nikasema nimewachoma. Hapo hakucheka. Akasema, "Ua lisilotembelewa na nyuki linatoa tunda lisilo na mbegu ya maana, nalo haliwezi kushika. Kumbe wewe ulifunga mlango, ukakata miguu, halafu ukaushindilia chakula mdomoni. Na ulikuwa unamlaumu nani?"

Nilimwambia simlaumu mtu. Nilisema hivyo, mwanangu, huko juu ambako hakuna hata mmoja anayenijua. Uongo mtupu, na ukungu ukaumeza.

Nikarudi. Nikaacha mbolea, nikang'oa viazi, nikauzibua ukuta wa jiko kwa msumari. Baada ya miaka miwili nyuki wakarudi. Mapichi yakashika. Na mimi nikafanya nini? Nikatangaza stendi nzima kwamba nimevunja nguvu za kile kidole kwa dawa niliyoitoa Matamba. Watu wakanipongeza. Hilo ndilo baya kuliko yote, na hilo wewe hukulijua. La kwanza nilikuwa mjinga. La pili nilikuwa nimeshajua.

Kwa nini? Nadhani nilikuwa nimezoea kuwa mtu wa kuchekesha pale kikaangoni, na mtu wa kuchekesha akirudi kusema nilikosea, anabaki na nini? Nimelea mtoto, nimesomesha mpaka kidato cha nne, nimebeba magunia mazito kuliko mimi. Maneno mawili, ni mimi, yamenishinda miaka kumi. Na najua ulikuwa unapita nyuma ya choo kwenda kwake. Nilikuwa naona unga wa mchele kwenye magoti yako. Nilijifanya sioni, na nikajiona mkarimu.

Leoka, naweka kalamu. Jua bado lipo kidogo.

*

Nimerudi. Naandika mbiombio kabla hujafika, kwa hiyo herufi zitakuwa kama kuku amepita.

Alikuwa nyuma ya nyumba anapembua mchele wa vitumbua vya kesho, ungo mapajani. Nikasema hodi.

"Nani?"

"Mimi. Baba Leoka."

"Baba Leoka yupi?"

"Huyu wa hapa jirani."

"Wa hapo ana mlango wake. Amepotea?"

Nikasimama. Nikasema nimekuja kuhusu mapichi. Akasema, "Sina mapichi. Vidole ninavyo vyote kumi, kama umekuja kuvikagua."

Nikamwambia. Nilisema haraka, mbolea, jembe, nyuki, Matamba, dawa ya uongo, yote kwa pumzi moja. Akasema, "Sema polepole, mimi si treni." Nikarudia polepole. Ni vigumu zaidi polepole. Yeye anapembua tu, mawe anaweka upande, chuya upande.

Nilipomaliza akasema, "Nilikuona."

"Uliniona nini?"

"Na ndoo. Kila Jumamosi, unamwaga, unaimba. Hata sauti huna. Nikasema moyoni, huyu kijana anauunguza mti wa mtoto."

"Sasa mbona hukuniambia, Bi Zuhura?"

"Kwanza nilidhani unajua unachofanya, unavyojisifu. Baadaye kidole changu kilikuwa kimeshaangusha mapichi. Ningefungua na mdomo, si ungesema nimeangusha na nyumba?"

Nikacheka. Nilijisikia mwenyewe ninavyocheka. Yeye hakucheka, na nikaacha.

Nikamwambia nisamehe. Akapepeta ungo mara mbili, tatu. Akasema, "Umekuja kuniambia mimi, na mimi nilikuwa najua. Wasiojua ni wale uliowaambia. Kesho kabla ya treni watakuwa wamejaa kwenye kikaango changu. Uliwaambia wao, nenda ukawaambie wao."

Nikasema, "Bi Zuhura, kesho mtoto anaondoka."

"Ndiyo. Asikie kabla hajaondoka."

Nikasema labda wiki ijayo, watu watakuwa wengi zaidi. Akaniangalia, Leoka. Hajaniangalia hivyo tangu siku ile alipochukua nepi mikononi mwangu. Akasema, "Nimemlea yule mtoto mchana. Sitaki aende ualimu akiwa hajamwona mtu mzima akisema nilikosea. Atawafundisha nini wenzie?" Akainuka, akaingia ndani na mchele wake.

Basi ndiyo hivyo. Nasikia sauti yako njiani, unacheka na mtu, nywele zimeshakwisha. Barua hii naiweka chini ya nguo zako. Nakujua, utapanga na kupangua sanduku mara tatu kabla ya kulala, utaiona.

Asubuhi ukitoka na sanduku usikimbilie stesheni. Simama kwenye kikaango, ununue kitumbua, ule taratibu. Mimi nitakuwa nimesimama karibu nawe, mbele ya makuli na mautingo na wanawake wa viazi, na wengi wao ni walewale. Nikikauka koo usinisaidie. Nikinyamaza, nisubiri. Lakini nikianza kwa utani, mwanangu, nikanyage mguu, kwa nguvu.

Baba yako